Wanawake Watatu kwa Skuta Jangwani

Kati ya Magomeni Mapipa na Faya, Barabara ya Morogoro hushuka bondeni kuvuka Mto Msimbazi. Hapo ndipo Jangwani. Mgeni akilisikia jina hilo hutazamia mchanga na jua kali, lakini Jangwani ya Dar es Salaam ni bonde la maji. Mvua za masika zikizidi, mto hufura ukaifunika barabara, na Magomeni ikakatwa na mjini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika nyumba zao za bondeni. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa papo hapo, imejaa maji zaidi ya mara moja tangu mabasi hayo yaanze kazi mwaka 2016.

Ukipanda upande wa mjini unaingia Kariakoo, jina lililotokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani ndipo yalipo makao ya klabu ya Yanga, na ndiyo maana wachezaji wake huitwa Watoto wa Jangwani. Mbele kidogo liko soko lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile la mapaa yaliyopanuka kama miavuli, ambalo Julai 2021 liliungua moto. Mitaa ya Kongo, Sikukuu, Mkunguni na Narung'ombe imejaa vitenge, vyombo, dawa za mbu na sare za shule, na hakuna mama wa Dar es Salaam asiyewahi kubanwa bega humo akiwa na mfuko mkononi.

Humo humo ndimo zinamopita pikipiki. Zipo zinazobeba watu, magunia, makochi, hata milango. Mimi ni muuguzi, na siku za mapumziko najitolea kanisani katika kikundi cha kina mama wanaowatembelea wagonjwa majumbani. Katika kazi zote mbili nakutana na pikipiki kila siku. Kanisani hutufikisha haraka kwa mgonjwa. Wodini hutuletea wagonjwa. Ndiyo maana nilipoalikwa kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki Jangwani, mwezi wa Agosti 2019, sikukataa.

WALIOKUJA

Mkusanyiko wenyewe haukuwa wa fahari. Vijana wa vijiwe vya Kariakoo, Ilala na Magomeni waliitana wapewe mafunzo ya usalama barabarani, kisha wafanye msafara. Sisi wauguzi tuliombwa kuonyesha huduma ya kwanza. Kikundi chetu cha kanisa nacho kilikuwa na haja yake. Tulikuwa tunafikiria kununua skuta moja ya kuwatembelea wagonjwa, na tulitaka kuona kama chombo hicho kinamfaa mama mwenye gauni, kitenge na mkoba wa dawa.

Nilikuwa na rafiki zangu wawili tuliosoma pamoja chuo cha uuguzi. Mmoja anafanya kazi Unguja, na alivuka na boti asubuhi hiyo hiyo, safari ya kama saa mbili. Mwingine aliolewa Kigali, na alikuwa amekuja kwa basi kupitia Rusumo kuwasalimia wazazi. Wote ni mama wa watoto, wote wamezoea pikipiki, lakini kila mmoja ameizoea kwa sheria za kwao.

Huyu wa Unguja ana vespa yake mwenyewe, anakwenda nayo kazini, sokoni na harusini.

"Kwa nini hukuja nayo?" nilimtania.

"Mie niivushe ya namba ya Z, nianze kuhangaika na forodha na vibali?" akajibu. "Shoga, hebu niache. Nipakieni tu."

NYIGU WA KITALIANO

Ukifika Mji Mkongwe utaona vespa zimeegeshwa kando ya kila ukuta. Neno vespa kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu, na aliyewahi kuisikia ikinguruma katika uchochoro hashangai. Kampuni ya Piaggio ilianza kuitengeneza mwaka 1946, Italia ikiwa imetoka vitani na watu hawana uwezo wa kununua magari. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki: alizona chafu, zisizostarehesha, na ngumu kuzipanda. Basi akaifunika injini kwa bati ili mafuta yasichafue nguo, akaweka bamba mbele ya miguu, akaacha nafasi wazi katikati mtu apande bila kurusha mguu juu ya kiti.

Kwa hiyo mwenye kanzu au buibui huipanda vespa kwa heshima zake. Haina cheni ya kumeza nguo. Bomba lake la moshi liko chini, mbali na ndama za miguu. Kasoro yake ni magurudumu madogo: shimo ambalo pikipiki kubwa hulipita, skuta huliingia ikakwama.

Hata bajaji zetu ni ndugu wa vespa. Kampuni ya Bajaj ya India, iliyozipa jina, iliwahi kuunda vespa kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya 1960 kabla ya kuendelea na vyombo vyake yenyewe. Basi mama anayerudi kutoka Kariakoo na bajaji iliyojaa viroba amekaa ndani ya ukoo ule ule wa nyigu.

Siku ile tuliazima skuta mbili kwa fundi mmoja wa Gerezani. Mimi na mwenzetu mwingine wa kanisani tuna leseni za daraja A, kwa hiyo sisi ndio tuliokaa mbele. Wageni wetu walikuwa abiria.

NJIA ILE ILE, SHERIA MBALIMBALI

Tulipokuwa tunasubiri msafara, mazungumzo yalianzia kwenye leseni yakaishia kwenye vichwa vya watoto.

Wengi wetu tunadhani kwamba nchi moja ina sheria moja ya barabara. Sivyo kwetu. Bara tunafuata Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini askari yule yule akihamishwa kutoka Msimbazi kwenda Malindi anasimamia kitabu kingine. Leseni hutolewa na mamlaka tofauti, namba za vyombo ni tofauti, na mgeni wa kutoka Ulaya anayekodi vespa Unguja hudaiwa kibali cha hapo hapo hata akiwa na leseni ya kwao.

Mwenzetu wa Kigali naye alikuwa na yake. Kule huendeshwa kulia. Tanganyika na Zanzibar zilitawaliwa na Waingereza, nao wakatuachia kushoto, kama walivyowaachia Kenya na Uganda. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Wabelgiji, na Wabelgiji huenda kulia, kama Kongo. Basi gari likivuka Rusumo hubadilisha upande. Dereva wa lori hujua, maana kuna alama na askari. Anayesahau ni mwenda kwa miguu. Mara mbili asubuhi ile, pale Faya, nilimshika mkono rafiki yangu, kwa kuwa alitazama kushoto kwanza wakati pikipiki inatoka kulia.

"Huku kwenu kichwa changu kinageuka vibaya," alisema huku akicheka.

Tukamwambia kwamba kwao hata neno kipilefti haliwezi kutumika. Labda wangeita kipiraiti.

Lakini hakucheka lilipokuja suala la kofia ngumu. Rwanda abiria wa pikipiki huvaa kofia sawasawa na dereva. Dereva hubeba ya pili kwa ajili ya abiria, na abiria ni mmoja tu. Kenya nayo, katika marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, inamtaka dereva na abiria wote wavae, na inakataza kupakia zaidi ya abiria mmoja. Kwetu Bara, bodaboda ziliingizwa rasmi katika leseni za kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Dereva lazima avae kofia, na kupakia mishikaki ni kosa. Trafiki humsimamisha hata abiria aliye kichwa wazi. Hata hivyo, simama dakika 10 pale Jangwani ukihesabu abiria wenye kofia, vidole vya mkono mmoja vitakutosha.

Jiji lenyewe lina masharti yake pia. Mwaka 2014 bodaboda na bajaji zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Na njia ya mabasi ya mwendokasi, inayopita Jangwani hapo hapo, si ya pikipiki. Kijana akiona foleni imekaza huchepuka akaingia humo, na basi lenye abiria zaidi ya 100 haliwezi kusimama kwa hatua 10. Mama uliyekaa nyuma, ukiona dereva anaelekea kwenye njia ile, mguse bega umwambie hapana. Nauli ni yako na safari ni yako.

Ajabu ni kwamba jina bodaboda lenyewe limezaliwa mpakani. Huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana wa baiskeli walikuwa wanawavusha watu na mizigo eneo la katikati ya vituo viwili vya forodha, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, boda, boda. Tangu mwanzo, basi, chombo hiki kimeishi kati ya sheria mbili.

MSAFARA

Msafara ulitoka Jangwani ukapanda Magomeni, ukakata Barabara ya Kawawa kwenda Ilala, ukaingia Barabara ya Uhuru kuelekea Kariakoo. Mbele walikuwa trafiki wawili. Sisi wenye skuta tuliwekwa katikati, kama mayai.

Nitasema kweli, raha ilikuwapo. Upepo ule wa asubuhi, honi, watoto wa Ilala wakitupungia mikono, mama lishe wakisimama na miiko yao kutazama wanawake waliokaa mbele. Mama mmoja mzee alituita kwa sauti, "Hongereni wanangu!" Mwenzetu wa Unguja, ambaye nyuma yangu alikuwa akinielekeza kama vile mimi ndiye abiria, aliimba njia nzima.

Ila katika msafara mtu huona pia jinsi wingi unavyotoa akili. Tunayajua mambo haya. Yanga ilipotwaa ubingwa mwaka 2022 baada ya miaka minne ya Simba, pikipiki zilijaa barabara hadi Jangwani. Harusini ni hivyo, mazikoni ni hivyo. Mmoja akipita taa nyekundu, 40 wanamfuata. Mmoja akivua kofia aonekane vizuri kwenye picha, na wenzake wanavua. Siku ile trafiki waliusimamisha msafara wote kwenye mataa ya Uhuru na Msimbazi mpaka taa ikaruhusu. Vijana walinung'unika. Mimi nilishukuru, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni anavuka kwenye zebra.

MAMA ALIYEKATAA KUPANDA

Jambo lililonifundisha siku ile lilitokea baada ya msafara. Tulizirudisha skuta kwa fundi, na tukataka bodaboda za kutufikisha Faya. Si mbali. Vijana watatu wakaja mbio.

Rafiki yangu wa Kigali alimuuliza kijana wake, "Kofia yangu iko wapi?"

"Mama, hapo ni dakika mbili tu."

"Sawa, mwanangu. Kofia iko wapi?"

Hakuwa nayo. Wa pili alikuwa na moja, imening'inia kwenye saitimira, kamba ya kidevuni imekatika. Wa tatu akatoa kofia ya mafundi ujenzi, ile ya njano. Wa Unguja alikuwa tayari ameshakaa.

"Bibi weye, twende! Mbona hapo ni pua na mdomo?"

"Nendeni, mimi nitatembea," alisema. "Kwetu siwezi kupanda bila kofia, hata nikitaka. Nikirudi mwanangu ataniuliza Dar nilipanda vipi. Nimwambie nini?"

Hakusema kwa hasira. Alijifunga kitenge chake vizuri akaanza kutembea. Vijana walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Wa Unguja akashuka. Tukatembea wote watatu katika Mtaa wa Msimbazi, jua la saa sita utosini, hadi Faya. Yule kijana mwenye kofia iliyokatika kamba alitufuata polepole na pikipiki yake, akasema, "Mama, shikamooni. Kofia nzima inauzwa wapi?"

Tukamweleza.

Nimelifikiria sana jibu la rafiki yangu. Sheria ya Kigali haikumfikia Kariakoo. Hakuna askari ambaye angemkamata. Lakini kwa kuishi nayo miaka mingi ilikuwa imekwisha kuwa desturi yake, kama vile kunawa mikono kabla ya kula, na desturi mtu huvuka nayo mpaka. Sisi huku mara nyingi tunafanya kinyume: tunaitafuta sheria iliyo nyepesi zaidi, tukikosa askari hata hiyo tunaiacha.

KILE NINACHOKIONA WODINI

Kina mama wenzangu, niruhusuni niseme kama muuguzi.

Fuvu la kichwa ni gumu, lakini ubongo ulio ndani ni laini kama uji mzito. Mtu akianguka, hata pikipiki ikienda mwendo wa pole, kichwa husimama ghafla na ubongo hugonga ukuta wake. Kofia ngumu haimzuii mtu kuanguka. Kazi yake ni kuupokea ule mshindo kwa povu gumu lililo ndani, kichwa kisimame taratibu zaidi. Mwaka 2008 wataalamu wa Cochrane walizikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dawa yenye nguvu hiyo ingekuwapo, tungepanga foleni tangu alfajiri.

Kuna jambo jingine ambalo kila mama alijue. Aliyegonga kichwa anaweza kuamka, akajipangusa vumbi, akasema hajambo, akanywa chai. Saa chache baadaye akaanza kusinzia. Watu wa nyumbani husema, "Mwacheni apumzike, amechoka." Kumbe damu inavuja taratibu ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Mtu wa namna hiyo akiwahishwa hospitali anaweza kuokolewa. Akiachwa alale, huenda asiamke.

Basi mtu wako akianguka na pikipiki, mwangalie kwa saa 24 hata kama anacheka. Mpeleke hospitali mara moja ukiona haya: anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia isivyo kawaida au haamki vizuri, anaongea ovyo, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, degedege, damu au maji maji yakitoka puani au masikioni.

Na pale barabarani, msimkalishe majeruhi kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine kumkimbiza. Shingo ikiwa imevunjika, safari hiyo inaweza kumlemaza moja kwa moja. Msimvue kofia kwa kuivuta, isipokuwa kama hapumui. Alazwe palepale kama hakuna hatari nyingine, kichwa kishikwe kisitikisike, damu ibanwe kwa kitambaa safi, na msaada uitwe. Namba ya dharura ni 112.

KABLA HUJAPANDA

Mambo mengine ni ya kwetu wanawake hasa.

Nguo. Pikipiki za kawaida zina cheni na spoku zilizo wazi. Ncha ya kanga, ushungi mrefu au mkaja wa mtoto ukinaswa humo, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Kusanya nguo yako, ikalie, funga ncha zote. Kukaa upande tunakupenda kwa sababu ya heshima, lakini aliyekaa hivyo hana pa kushika wala pa kukanyaga vizuri. Vaa suruali pana au sketi ya chini ya gauni, ukae mkabala, miguu yote miwili kwenye vikanyagio. Heshima haipungui kwa hilo.

Bomba la moshi. Alama ya kuungua iliyo ndani ya mguu wa kulia wa wanawake wengi wa mjini imetoka hapo. Shukia upande wa kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta.

Nywele. Najua kwa nini wengi wetu hatuvai kofia. Tumesuka kwa pesa, tumefunga kilemba, na kofia ya kijiweni imevaliwa na vichwa 30 tangu asubuhi. Hoja hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuwa na kofia yako mwenyewe, kama ulivyo na mwavuli wako. Misuko ifungwe chini kisogoni, isirundikwe utosini, ili kofia ikae. Ukilazimika kuvaa ya kuazima, tanguliza kitambaa chepesi cha pamba.

Kununua. Kofia zipo tele Kariakoo, lakini nyingi ni ganda tupu. Igeuze utazame ndani. Lazima uone povu gumu lenye unene wa kama vidole viwili, si sifongo peke yake. Tafuta alama ya ubora ya TBS, au herufi E ndani ya duara ambayo ni alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa. Ivae, funga kamba, tikisa kichwa: isizunguke. Kofia iliyowahi kugonga chini katika ajali haifai tena, hata kama haionyeshi ufa. Ile ya mafundi ujenzi ni ya tofali linalodondoka kutoka juu, si ya mtu anayeanguka kutoka kwenye pikipiki.

Watoto. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kila asubuhi tunawaona: watoto watatu au wanne wa shule kwenye pikipiki moja, mdogo kabisa amekalishwa mbele juu ya tangi la mafuta. Mama amemlipa kijana kwa mwezi, na anaamini amemfikisha mwanawe shule. Kipimo changu ni rahisi. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hajawa wa kupanda pikipiki. Aliye tangini ndiye anayegonga kwanza. Aliye mgongoni mwa mama anabeba uzito wote wa anguko la mama. Kama huna njia nyingine ila pikipiki, basi awe mtoto mmoja, kofia ya kichwa chake mwenyewe, na dereva unayemjua kwa jina na kwa tabia. Akina mama watatu wa mtaa mmoja wakichanga, nauli ya pikipiki tatu yaweza kulipia bajaji moja ya watoto wao. Wapo waliofanya hivyo mtaani kwetu, na hesabu ilikubali.

Zungumzeni na waume zenu pia. Baba wengi hununua pikipiki kwa furaha, pamoja na redio ya kuifunga mbele, na kofia hununuliwa moja tu. Lakini chombo kina viti viwili.

TULICHOAMUA

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nililiambia kundi letu tulichoona. Tulikubaliana kwamba skuta inatufaa kuliko pikipiki ya cheni, kwa ajili ya nguo zetu na mizigo yetu midogo, ila tusiipitishe bondeni Jangwani mvua inaponyesha. Kisha mhazini akauliza tuanze kuchangia nini. Tukaanza na kofia mbili, ya dereva na ya abiria, miezi minne kabla skuta yenyewe haijanunuliwa. Zilikaa kwenye kabati la ofisi ya kanisa, zimefunikwa kanga, na kila mama aliyepita alijaribisha.

Rafiki yangu wa Kigali alirudi kwake wiki ile. Wa Unguja naye aliondoka na boti ya jioni. Mfukoni mwa plastiki alibeba kofia ndogo nyekundu aliyoichagua Kariakoo kwa mwanawe wa kidato cha kwanza, anayempakia nyuma ya vespa kila asubuhi. Alikuwa ameigeuza ndani na nje mbele ya muuzaji, akabonyeza povu kwa kidole gumba, akakataa mbili kabla ya kuikubali hiyo ya tatu.